Kanda ya Dakika 46

Kanda ile iliingia nyumbani kwetu mwishoni mwa mwaka 1987, ndani ya mfuko wa koti la kaka yangu, pamoja na sabuni za Zambia na pakiti ya betri. Kaka alikuwa utingo kwenye malori ya Mbeya na Lusaka. Alikuwa na miaka 21, mimi 15, na kila alipokuja likizo Bagamoyo tulikesha tukimsikiliza. Nasema Bagamoyo ya Tukuyu, kata yetu ya Rungwe, maana wengi wakisikia jina hilo hukimbilia pwani. Kwetu hakuna bahari. Kuna mlima Rungwe unaoshinda ndani ya mawingu, kuna migomba na chai, na kuna mvua ambayo mtu wa Dodoma ukimsimulia anadhani unamtania.

Nchi ilikuwa imeanza kupumua. Serikali ya Mzee Mwinyi ilikuwa imekubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka uliotangulia, bidhaa zilikuwa zikirudi madukani, na kitu kama rediokaseti kiliacha kuwa cha wakubwa peke yao. Tukuyu yenyewe ilikuwa bado inatembea kifua mbele. Tukuyu Stars, Banyambala wetu, walikuwa wametwaa ubingwa wa ligi ya Bara mwaka 1986 wakiwa ndio kwanza wamepanda daraja, Simba na Yanga wakiwa mumo humo. Kijana wa Bagamoyo wa wakati ule aliamini kwamba hakuna jambo kubwa lisiloweza kufika kwetu. Kwa hiyo kanda ilipofika hatukushangaa sana. Tuliipokea kama haki yetu.

Kaka alikuwa amekwama Tunduma, karatasi za mzigo hazijakamilika. Kwenye foleni ya malori hapo mpakani dereva mmoja Mzambia alikuwa akipiga kanda halisi ya The Joshua Tree, albamu ya kundi la U2 la Ireland, iliyotoka Machi mwaka ule ule. Kaka aliisikia usiku, na asubuhi akaenda kuiazima. Dereva alimkubalia kwa sharti la kuirudisha kabla lori halijavuka mpaka. Kaka akadandia gari mpaka Mwanjelwa, kwa fundi wa kurekodi kanda. Fundi alikuwa amebakiwa na kanda tupu za dakika 46 tu, yaani dakika 23 kila upande. Albamu ile ina nyimbo 11 zenye dakika 50. Upande wa kwanza una nyimbo tano zinazofika dakika 24, upande wa pili una sita zinazopita 26. Ndiyo kusema wimbo wa tano ulipoteza mwisho wake, na wimbo wa kumi na moja ulikatwa kabla ya kufika nusu. Kaka hakuwa na muda wa kutafuta kanda ndefu zaidi. Alinakili majina ya nyimbo kwa kalamu ya bluu, herufi moja moja, akairudisha kanda ya mwenyewe, na nakala yetu ikaja nyumbani bila picha ya jalada.

Umeme ulikuwa haujafika upande wetu. Rediokaseti ya baba ilikula betri kubwa za National, na baba alikuwa na sheria yake: hakuna kurudisha kanda nyuma kwa mashine. Tulirudisha kwa kalamu ya Bic tuliyoichomeka kwenye tundu la kanda, tukizungusha kwa zamu. Jioni, ng'ombe wakishakamwa, vijana wa jirani walikuja kujibanza jikoni kwetu karibu na moto, kwa kuwa Juni na Julai baridi ya Tukuyu haina mzaha. Mama alichoma ndizi. Kaka, akiwepo, ndiye aliyebonyeza kitufe. Asipokuwepo, nilibonyeza mimi.

Wimbo wa kwanza, Where the Streets Have No Name, hauanzi kama nyimbo nyingine za roki. Kinanda kinaingia kwa mbali, kimeshika sauti ndefu za kanisani, na kwa muda mrefu hakuna kingine. Halafu gitaa la mpigaji wao, The Edge, linaanza, noti chache tu zinazorudiwa na mwangwi wake mpaka zinajaa. Kisha besi, kisha ngoma. Sikujua mambo ya muziki wakati huo, lakini masikio yangu yalishika kitu ambacho nilikuja kukielewa nilipoanza kuongoza kwaya: mwanzo ule unahesabiwa kwa sita, na wimbo wenyewe unahesabiwa kwa nne, na pale hesabu zinapobadilishana mwili wako unayumba kidogo kabla haujakaa sawa. Tuliyumba pamoja, vijana saba au wanane, kila jioni. Ule mwanzo ulikuja kama mvua ya Rungwe inavyokuja: unaisikia kwanza kwenye migomba ya jirani, halafu kwenye mabati ya jirani, na unapoipata wewe tayari ni kubwa.

Nimesoma baadaye kwamba wimbo huo ulikaribia kuwashinda. Brian Eno, mmoja wa watayarishaji wawili wa albamu pamoja na Daniel Lanois, aliona kundi limezama humo kwa majuma mengi, akaamua bora afute kabisa mkanda waanze upya, na fundi mitambo ndiye aliyemzuia. Kila ninapoukumbuka mkono wa fundi huyo, ambaye simjui, namshukuru.

Mama alikuwa mwanakwaya wa Moravian, na nyumba yake haikuwa ya kupigia muziki wa ovyo. Alivumilia kanda ile kwa sababu ya kile kinanda cha mwanzo. Wimbo wa pili nao una umbo la nyimbo za Injili za Wamarekani weusi, sauti za nyuma zikiitikia, na mama aliuliza swali ambalo waandishi wa muziki wameliuliza kwa kurasa nyingi tangu hapo: huyu anamwimbia Mungu, au anamwimbia msichana? Kaka alijibu kwamba inategemea. Mama akasema mtu anayeimba hivyo ana jambo linalomsumbua, mwacheni aimbe.

Mwalimu wetu wa jiografia ndiye aliyetuambia Ireland ni nchi gani. Kisiwa cha mvua na kijani, alisema, watu wake walitegemea viazi, na ugonjwa wa viazi ulipoingia katika miaka ya 1840 watu kama milioni moja walikufa na wengine zaidi ya milioni wakapanda meli. Tangu hapo kuondoka kukawa sehemu ya maisha yao. Wanafunzi wa Rungwe hatukuhitaji maelezo zaidi. Kwetu pia viazi vilikuwa chakula na fedha, na kwetu pia kila ukoo ulikuwa na mtu wake aliyekwenda mbali: Lupa kwenye dhahabu, Kitwe na Ndola kwenye shaba, na kabla ya Uhuru, Johannesburg kwa mkataba wa Wenela, wakala wa migodi aliyekuja kuchukua vijana wa Kinyakyusa hapa hapa wilayani, mpaka serikali ya Tanganyika huru ilipoufunga mlango huo.

Mzee mmoja wa Wenela alikuwa jirani yetu. Upande wa pili wa kanda unaanza na Red Hill Mining Town, wimbo kuhusu mji wa wachimbaji wakati wa mgomo mkubwa wa makaa ya mawe Uingereza, ule wa 1984 na 1985. Kaka alimweleza mzee, kadiri alivyoelewa, kwamba hapa panaimbwa habari za mgodi uliofungwa na nyumba zilizobaki bila kazi. Mzee akaomba uchezwe tena. Akaanza kuzungumza Kifanakalo, lugha ya amri za chini ya ardhi, akitaja wenzake aliokuwa nao zamu moja, kila mmoja kwa jina na kwa kijiji chake: huyu wa Masoko, huyu wa Mwakaleli, huyu wa Kyela. Wengine walirudi. Wengine alipowafikia alinyamaza kidogo, akaenda kwa anayefuata. Sisi vijana tulikuwa tunasubiri amalize ili twende kwenye wimbo wa saba wenye mwendo kasi. Leo ningetoa kitu kikubwa kuyapata majina yale kwa maandishi.

Habari ya wimbo wa kwanza, jinsi ulivyoanza, niliipata nikiwa mwalimu tayari. Baada ya tamasha la Live Aid la Julai 1985, mwimbaji wao Bono na mkewe Ali walikwenda Ethiopia kufanya kazi kwenye kambi ya wenye njaa huko Ajibar, mkoa wa Wollo, kimyakimya, bila kamera. Walitunga michezo na nyimbo fupi za kufundisha afya, zikatafsiriwa Kiamhari. Amesimulia mara nyingi kwamba baba mmoja alimpa mtoto wake mikononi amchukue aende naye, kwa sababu huko atakokwenda angeishi. Maneno ya wimbo ule aliyaanza katika safari hiyo. Akilini mwake pia kulikuwa na Belfast, mji ambao mtu akikutajia barabara anayokaa unajua dini yake na kipato chake. Alitaka mahali ambapo anwani haimhukumu mtu.

Basi sisi tulikuwa tunaishi mahali hapo. Njia ya kwetu haikuwa na jina. Iliteremka kutoka barabara kubwa, ikapita kanisani, ikapinda kwenye mparachichi, ikafika. Barua zilikuja kwa sanduku la posta la kanisa. Kaka alilipenda sana jambo hilo. Aliwaambia rafiki zake kwamba wazungu wale wameimba Bagamoyo bila kuiona.

Aliondoka mwaka 1995. Afrika Kusini ilikuwa imefanya uchaguzi wake mwaka mmoja nyuma, Mandela yuko ikulu, na vijana wa Mbeya walikuwa wakivuka Kasumulu kwa makundi, wakipita Malawi na Msumbiji kwenda walikokuita Bondeni. Kaka aliuza mtamba wa baba ili apate nauli. Hakuomba. Baba alipoenda zizini asubuhi, mtamba hayupo na kaka hayupo. Kwa Mnyakyusa ng'ombe hahesabiwi kwa bei yake peke yake. Mtamba yule alikuwa ametengwa kwa mahari ya kaka mwenyewe. Baba alitamka maneno makali mbele ya watu, na maneno hayo, najua, yalimfikia kaka kupitia wasafiri.

Barua yake ya mwisho ilitoka Durban mwaka 1997. Haikutaja mtamba. Ilituuliza kama kanda bado inalia.

Bado ilikuwa inalia, ingawa vibaya. Ukungu wa Tukuyu hauachi kitu. Uliingia kwenye utepe, sauti zikaanza kuzama, na siku moja mashine ikautafuna. Niliuunganisha kwa gundi ya karatasi, ukaruka. Nikaiweka kwenye kopo la chai pamoja na ile karatasi yake ya majina. Mei 2008 redio ilipotangaza kwamba wageni wanashambuliwa katika vitongoji vya Johannesburg na moto umesambaa mpaka Durban, watu zaidi ya 60 wameuawa, mama alikaa na redio siku zile zote kama mtu anayeuguza. Yalisomwa mataifa ya waliokufa, majina machache sana. Baba alifariki miaka mitatu baadaye. Sisi tuliobaki tulijifunza kutomtaja kaka mezani, na ninaona sasa kwamba tulimfanyia mama ukatili tukidhani tunampumzisha.

Mwaka 2022, kabla ya sensa ya Agosti, vijana wa anwani za makazi walifika Bagamoyo. Walisimika nguzo yenye kibao cha kijani pale njia inapochepuka, wakabandika namba mlangoni. Njia ikapewa jina la mzee wa mtaa, mtu mwema aliyestahili. Nilisimama chini ya kile kibao nikausikia wimbo kichwani, na nikatambua kwamba ilikuwa imepita zaidi ya miaka 20 bila kuusikia kwa masikio. Binti yangu alinitafutia albamu nzima kwenye simu yake jioni ile ile.

Sikuisikiliza hapo hapo. Nilingoja nipate jioni ya peke yangu, na nilipoipata niliisikiliza kwa mpangilio, upande wa kwanza kisha wa pili, kama tulivyozoea.

Kuna mambo sikuyapenda tena. Trip Through Your Wires, tuliyokuwa tunairukia kwa shangwe, leo nairuka moja kwa moja. With or Without You imepigwa mno kwenye harusi na redio, nikaisikia kwa heshima tu. Lakini Running to Stand Still ilinishika. Ni wimbo wa dawa za kulevya katika majengo marefu ya Ballymun, Dublin, mji wao wenyewe, na unaimbwa kwa sauti ya chini kama mtu asiyetaka kuamsha mgonjwa. Kanda yetu iliukata mwishoni. Sikujua kwamba baada ya maneno kwisha kuna kinanda cha mdomo kinachoendelea. One Tree Hill nao, waliomwimbia Greg Carroll, kijana wa Kimaori wa New Zealand aliyekuwa akiwafanyia kazi na akafa kwa ajali ya pikipiki Dublin mwaka 1986, nilikuwa naufahamu kama wimbo mtamu wa kuitikia. Kumbe ni wimbo wa maziko. Nimezika wengi tangu wakati ule, na sasa nasikia jinsi sauti ya Bono inavyopanda karibu na mwisho, kama waombolezaji wetu wanavyopandisha sanduku likianza kuteremka.

Halafu ukaja wa kumi na moja, Mothers of the Disappeared. Hapo ndipo kanda ilipokuwa inakatika. Mwili wangu ulingoja mlio wa kitufe kuruka. Hakikuruka. Wimbo uliendelea.

Unahusu akina mama wa Argentina na wa El Salvador ambao watoto wao walichukuliwa na askari na hawakuonekana tena. Wale wa Argentina walianza mwezi Aprili 1977 kuzunguka uwanja wa Plaza de Mayo, Buenos Aires, mbele ya ikulu, wamefunga vitambaa vyeupe kichwani. Watetezi wa haki za binadamu wanasema waliopotezwa huko ni 30,000. Bono alikutana na akina mama wa El Salvador mwaka 1986, akarudi na wimbo huu. Hauna kelele. Ngoma zake zimefinyangwa mpaka zinaguna kama mashine inayofanya kazi usiku kwenye jengo la mbali. Mwaka 1998 kundi lilipopiga Santiago, Chile, akina mama wa huko walipanda jukwaani na picha za watoto wao, kila mmoja akataja jina la wa kwake, na Bono akamwomba Jenerali Pinochet, mtawala wao wa zamani, kwa runinga awaambie walipo.

Miaka yote tulikuwa tumeimiliki albamu isiyo na mwisho wake, na mwisho wenyewe ulikuwa huu.

Nilikaa nayo majuma kadhaa kabla sijamchezea mama. Amevuka miaka 75, masikio yake bado mazuri. Nilimwambia huu ndio wimbo ambao kanda ya kaka haikuumaliza. Nilimtaja hivyo, "kaka", kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Alisikiliza akiwa na mikono magotini mpaka mwisho, akaniuliza wanasema nini. Nikamweleza kwa Kinyakyusa.

"Hao akina mama waliwapata watoto wao?"

Nikamwambia ukweli. Wengi hawakuwapata. Lakini akina bibi wa Argentina, waliounda chama chao mwaka ule ule 1977, walitafuta wajukuu waliozaliwa gerezani wakagawiwa watu wengine, wakatumia vipimo vya damu, na mpaka sasa wamewatambua zaidi ya 130. Wengine walipatikana wakiwa watu wazima wa miaka 40 na zaidi.

"Kwa hiyo bado wanatafuta."

"Bado, mama."

"Na sisi tuliacha lini?"

Sikuwa na jibu. Nilimwambia Msalaba Mwekundu wana kazi hiyo ya kutafuta ndugu waliopoteana, kuna fomu, wanauliza jina, mwaka wa kuzaliwa, alama mwilini, mahali alipoonekana mwisho. Akaniambia lete karatasi sasa hivi, usiseme kesho.

Alinitajia kila kitu bila kutafuta maneno. Mwaka 1966, mwezi wa pili, mvua kubwa. Kovu la mundu kwenye kiganja cha kushoto. Sauti nzito, anacheka kabla hajamaliza kusema. Alikuwa utingo, anajua Kibemba na Kinyanja. Tulipofika kwenye anwani niliandika jina jipya la njia na namba ya nyumba, nikamsomea. Akakataa. Alisema jina hilo kaka halijui, limewekwa hayupo, akiulizwa ataona si kwao. Aliniamuru niandike na ile nyingine: Bagamoyo, chini ya kanisa, unapinda kwenye mparachichi. Nikaandika zote mbili, moja juu ya nyingine.

Nilidhani tumemaliza. Akaniambia bado, kuna habari ya mtamba. Fomu haina nafasi ya jambo kama hilo, nikamweleza. Akasema geuza karatasi nyuma, andika kwamba baba yake alilimaliza neno lile kabla hajafa, alilimaliza mbele ya mchungaji na wazee wawili, na mmoja wao yuko hai anaweza kuulizwa.